Askofu Steere na Habari ya Mkato

Mwaka huu nimeombwa na wenzangu wa darasa la mwisho niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, ili wadogo zetu wapate kujifunza. Wengi walidhani nitamchagua mfalme au jemadari. Mimi nimemchagua Edward Steere, Askofu wa Unguja, aliyekufa mwaka 1882. Sababu yake ni jambo dogo sana, yaani mkato, ile alama yenye mkia ambayo wengine huiita koma. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha nitaeleza habari za mtu huyo, na mwisho msomaji ataona jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana.

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilialikwa Gitega kushindana kwa Kiingereza. Wasemaji wetu walitangulia siku moja kabla. Tukabaki watu wanne wa kuwafuata: viranja wawili, mweka hazina, na mimi niliye katibu. Mzee mmoja mwenye gari alijitolea kutuchukua. Mzee huyo alikaa miaka mingi Kampala, na Kiingereza anakijua kuliko Kifaransa, kwa hiyo nikaambiwa nimwandikie barua kwa Kiingereza. Nikaandika kwamba tunamwomba awachukue viranja wawili, katibu na mweka hazina. Baada ya viranja wawili nilitia mkato. Kabla ya kiungo na sikutia kitu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea katika Kifaransa tangu shule ya msingi.

Asubuhi gari likafika langoni. Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa magunia ya mchele na ndoo za mawese, maana mzee alipata nafasi ya kuwapelekea jamaa zake vitu. Tulipomwuliza, akaitoa barua yangu mfukoni akatuonyesha. Yeye alifahamu kwamba viranja ni wawili, na kwamba hao viranja ndio katibu na mweka hazina. Aliona watu wawili katika barua, akaacha viti viwili. Tena hakukosa, kwa sababu maneno yenyewe yaliweza kusomwa hivyo. Ushuru wa mchele ulikuwa umekwisha lipwa, wala hapakuwa na saa ya kushusha magunia. Basi mweka hazina na mimi tukapanda, viranja wakabaki.

Mmoja wa viranja hao kwao ni Gitega. Mama yake alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe atapita, naye hakumwona tangu kufunguliwa kwa shule. Kijana alikuwa amesimama langoni na kifurushi cha kitenge alichomnunulia mama kwa fedha zake za akiba. Alinipa kile kifurushi mkononi, akarudi ndani bila neno. Njia nzima ya kupanda milima, mwendo wa kilomita 100 hivi, kifurushi kilikaa magotini mwangu. Mimi niliyekosa ndiye niliyesafiri, na asiyekosa akabaki. Nilipomkabidhi mama kitenge, aliangalia nyuma yangu kama atamwona mtu mwingine anakuja.

Tuliporudi, habari ile ikaletwa darasani, na walimu wetu wawili wa Kiingereza wakabishana mbele yetu. Mmoja alisema mkato kabla ya kiungo na, katika orodha ya vitu vitatu au zaidi, ni lazima. Mwingine alisema kiungo chenyewe kinatosha, na kuweka mkato juu yake ni kama kuvaa mshipi na kamba pamoja. Darasa likagawanyika. Ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akatuuliza kama kuna mmoja wetu ajuaye ni nani waliokaa kitako kupanga jinsi ya kukipiga chapa Kiswahili chetu wenyewe, maneno yaachane wapi na herufi ziwe zipi. Hapakuwa na aliyejibu. Hapo nikaanza kutafuta, nami nikamkuta Steere.

Edward Steere alizaliwa London mwezi wa Mei, mwaka 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kijana alifuata njia hiyohiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada za sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Ni vizuri kukumbuka jambo hili, kwa sababu mawakili wa Kiingereza wa zamani walikuwa na desturi ya ajabu. Hati zao za mirathi na za ardhi waliziandika bila mikato, au kwa mikato michache mno. Waliogopa kwamba alama ndogo huweza kufutika au kuongezwa na mtu mwenye hila, na shamba likahamia kwa mwingine. Kwa hiyo walipanga maneno yenyewe kwa uangalifu mpaka yasimame bila fimbo. Mtu aliyelelewa katika kazi hiyo hujifunza mapema kwamba maneno yaliyoandikwa yatasomwa siku moja na mtu asiyemjua mwandishi, labda hata asiyempenda.

Lakini uwakili haukumridhisha. Mwaka 1856 akaingia katika kazi ya ukasisi wa Kanisa la Kiingereza, na baada ya miaka michache akapewa kijiji kidogo cha wakulima, Little Steeping, katika wilaya ya Lincolnshire. Huko angaliweza kukaa maisha yake yote kwa raha. Aliyemtoa ni rafiki yake William Tozer.

Hapa yanipasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1857 msafiri David Livingstone alihutubia Cambridge, akawaomba wasomi wa Uingereza waje Afrika. Sisi watu wa Bujumbura jina hilo twalijua, kwa kuwa jiwe la Mugere, kusini ya mji wetu, ni ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliopita ufukoni mwa Tanganyika mwezi wa Novemba, mwaka 1871. Kutokana na hotuba ile ya Cambridge ikaundwa misheni ya vyuo vikuu. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 karibu na mto Shire. Tozer akachaguliwa badala yake, akamwomba Steere afuatane naye kwa muda. Steere alikubali akidhani ni safari ya miaka michache tu. Mwaka 1863 wakafika nchi za Zambezi, wakakuta vita, njaa na homa. Mwaka 1864 wakahamia Unguja, na huko ndiko maisha ya Steere yalikopata kazi yake.

Unguja ya siku zile ilitawaliwa na Sultani Majid. Ilikuwa mji wa biashara kubwa: pembe, karafuu, na wanadamu. Misafara iliyoanzia pwani ilifika Tabora na Ujiji, na kwa njia hiyo Kiswahili kikasafiri mpaka ziwa letu la Tanganyika. Wazee wetu wa Buyenzi wasemao Kiswahili nyumbani wanatokana na habari hizo. Sultani aliwapa wageni wale wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Fikirini, rafiki zangu: wavulana waliotekwa mbali, lugha zao mbalimbali, hata mwalimu hawezi kuongea nao. Lugha moja tu iliweza kuwakutanisha wote, nayo ni Kiswahili, na mwalimu mwenyewe hakukijua bado.

Steere hakuanza kwa kufundisha, alianza kwa kujifunza. Alikaa na watu wa mjini, wenye elimu na wasio na elimu, akawasikiliza na kuandika. Aliwaomba wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama zilivyotoka midomoni mwao. Katika hadithi hizo, na katika maongezi ya kila siku, alikuwa akitafuta kanuni za lugha. Hakuchukua sarufi ya Kilatini akaivika Kiswahili kama kanzu ya mtu mwingine.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengine husahau. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa zamani kabla ya Wazungu. Washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walitunga tenzi ndefu, na wafanya biashara waliandikiana barua, wote kwa herufi za Kiarabu. Babu yangu wa Buyenzi anazisoma herufi hizo mpaka leo. Nilipomwuliza juu ya habari hii, alichukua kalamu akaniandikia neno moja, akaniambia nilisome. Nikasoma bata. Akacheka, akasema yeye ameandika pata. Akanieleza kwamba katika maandishi ya zamani sauti ya p iliandikwa mara nyingi kwa herufi ya b, kwa kuwa Kiarabu hakina p. Tena alama moja ilitumika kwa o na kwa u, na nyingine moja kwa e na kwa i. Mkato kama huu wetu haukuwamo. Msomaji hodari hakupata taabu, kwa maana alijua utenzi kwa moyo, au alimjua mwandishi wa barua na biashara yake.

Steere aliisoma hati hiyo, akaiheshimu, lakini aliona udhaifu wake kwa kazi aliyokuwa nayo. Katika kitabu chake alieleza kwamba kwa maandishi ya namna ile ni sharti msomaji awe anafahamu kiasi jambo linalosemwa kabla hajaweza kulisoma. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Barua yangu ilikuwa vilevile hasa! Sisi wanafunzi tuliojua kwamba viranja ni wengine, na katibu ni mwingine, tuliisoma barua bila kosa. Tuliipitisha kwa watu watatu kabla ya kuituma, wala hakuna aliyeona shaka. Mzee wa gari, asiyetujua, hakuwa na la kumwongoza ila karatasi. Barua isomwayo vizuri na wale tu wanaojua habari tangu mwanzo haijawa barua.

Ni haki niseme pia kwamba wataalamu wa Mombasa hawakuiacha hati ya Kiarabu hivyo. Mwalimu Sikujua, na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, walizidisha alama ili sauti za Kiswahili zipate kutambulikana. Basi dawa haikuwa katika herufi za Kirumi peke yake. Kila aliyemhurumia msomaji alitafuta alama ya kumsaidia.

Steere yeye alichagua herufi za Kirumi. Hakuwa wa kwanza, kwani Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alimtangulia. Lakini Krapf alifuata lahaja ya Mombasa, na Steere akafuata ya Unguja. Kanuni yake ilikuwa fupi: vokali zisomwe kama katika Kiitaliano, konsonanti kama katika Kiingereza. Mtoto aliyejifunza herufi hizo aliweza kusoma neno lolote, hata asilopata kulisikia. Nasi tuliohenyeka na imla ya Kifaransa, yenye herufi nyingi zisizosikika, twajua kwamba hiyo ni neema kubwa.

Tena Steere alijua kazi ya kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe. Aliwafundisha vijana waliotolewa utumwani kuokota herufi za risasi moja moja, kuzipanga kinyume katika mstari, kuzipaka wino na kukaza mashine. Katika kazi hiyo hakuna kitu kinachojiweka chenyewe. Kila nafasi kati ya maneno ni kipande cha madini kilichowekwa na mtu, na kila mkato vilevile. Anayeandika kwa kalamu huweza kutia mkato bila kufikiri. Mpanga chapa sharti aamue. Ndiyo sababu, hata huko Uingereza, kanuni za mikato zilitungwa zaidi katika viwanda vya chapa kuliko madarasani. Horace Hart, msimamizi wa kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Oxford, alitoa mwaka 1893 kijitabu cha kanuni kwa wafanya kazi wake. Mwaka 1904 kikaanza kuuzwa kwa watu wote. Mkato ule wa kabla ya na, uliowagombanisha walimu wetu, umepata jina la mkato wa Oxford kwa sababu ya kiwanda hicho.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vitabu vyake viwili vikubwa vikatoka London: kimoja cha kufundisha lugha ya Unguja, na kingine cha hadithi zile alizosimuliwa. Hicho cha kwanza kilitumiwa na wageni wa pwani kwa miaka mingi sana. Angaliweza kuishia hapo, akapumzika kijijini kwake. Lakini mwezi wa Aprili, mwaka 1872, tufani kali ilipiga Unguja, ikavunja majahazi, minazi na nyumba, na nyumba za misheni zikaharibika. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi mwaka huohuo.

Tarehe 5 Juni, mwaka 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa likafungwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko hilo huko Mkunazini, na siku ya Noeli ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Hakuwa na mainjinia wengi, wala mbao ndefu za dari. Akaamua kujenga dari ya mviringo kwa mawe ya matumbawe na saruji. Watu wengi walitabiri kwamba itaanguka. Haikuanguka, ipo mpaka leo.

Juu ya kanisa hilo wasimulizi wa Unguja wana kisa kimoja. Husema kwamba Steere aliposafiri, mafundi walisimamisha nguzo 12 ndogo za mawe karibu na mlango, wakaziweka kichwa chini, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaonyesha upande wa juu. Aliporudi akaziona, naye akaziacha. Nimekifikiri sana kisa hiki. Mafundi hawakuwa wajinga. Walipewa nguzo bila alama, wakachagua kama mzee wa gari alivyochagua. Tena naona hekima ya kuziacha, kwa kuwa nguzo iliyopinduliwa bado hubeba. Lakini si kila kosa ni la kuachwa. Kijana aliyeachwa langoni si nguzo.

Mwaka 1874 Steere aliwekwa kuwa Askofu, wa tatu katika misheni hiyo. Mtu angedhani sasa atakaa kitini. Kinyume chake, mwaka 1875 alikwenda kwa miguu mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao, upande wa ziwa Nyasa. Mwaka 1876 aliwaongoza watu walioachiwa huru waliotamani kurudi bara, wakajenga makao Masasi, ambayo sasa ni mji wa Tanzania ya kusini. Wakati huo wote hakuiacha kazi ya kufasiri. Kufikia mwaka 1880 kanisa la Mkunazini lilikuwa limesimama, na vijana wa shule ya Kiungani walikuwa wakisoma vitabu vilivyopigwa chapa na wenzao.

Edward Steere alikufa Unguja mwezi wa Agosti, mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa lake, nyuma ya altare. Agano Jipya la Kiswahili alilolishughulikia miaka mingi lilitoka mwaka 1883, naye hakuliona. Miaka mingi baadaye, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia. Hivyo kazi iliyoanza kwa wavulana 5 ikawafikia mamilioni, sisi wa Bujumbura tukiwa miongoni mwao.

Sasa narudi kwenye ugomvi wa walimu wetu. Baada ya kusoma maisha haya sikuona tena kwamba swali ni nani ana kanuni ya kweli. Katika Kiingereza desturi ni mbili. Oxford na wachapishaji wengi wa vitabu wa Marekani hutia mkato kabla ya na. Magazeti mengi ya Uingereza huuacha, na Kifaransa kwa kawaida huuacha pia. Wote ni watu wenye akili. Lililo baya ni kuandika bila kumfikiri msomaji.

Kwamba jambo hili si mchezo wa watoto, nitatoa mfano. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo mfanyi wake halipwi malipo ya ziada akizidisha saa. Orodha ya kazi hizo iliishia kwa kufunga vyakula kwa ajili ya kusafirisha au kugawa, bila mkato kabla ya neno au. Madereva wa kampuni moja ya maziwa wakauliza: je, kugawa ni kazi ya pekee katika orodha, au kinachotajwa ni kufunga tu, kufunga kwa kusafirishwa au kwa kugawiwa? Wao hawakufunga chochote, waligawa tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaona kwamba sheria ina maana mbili, ikaamua kwa upande wa madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo ufa ulikuwa upana wa mkato mmoja.

Hata hivyo, wenzangu mnaoshabikia mkato, msishangilie upesi. Mkato huohuo huweza kuleta giza. Nikiandika kwa Kiingereza kwamba nilimwona kaka yangu, kiranja, na katibu, je, niliwaona watu watatu, au kaka yangu ndiye kiranja, na jumla yao ni wawili? Hapa mkato wa kabla ya na ndio unaoleta shaka. Ukiutoa, shaka hupungua. Kwa hiyo anayetia mkato kila mahali bila kufikiri, na asiyetia mahali popote bila kufikiri, ni ndugu wa tumbo moja.

Basi ushauri wangu kwa wadogo zangu ni huu. Kwanza, chagueni desturi moja katika Kiingereza chenu, muifuate tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi nimechagua kutia mkato, kwa sababu mara nyingi huokoa kuliko kupoteza. Pili, mkiisha kuandika, mpeni karatasi mtu asiyejua habari, aisome, kisha mwulizeni amefahamu nini. Msimpe rafiki aliyeandika pamoja nanyi. Tatu, ikiwa shaka ingali ipo, msiitegemee alama. Pangeni maneno upya. Wabunge wa Maine walifanya hivyo: waliiandika orodha yao tena, wakaitenganisha kwa nukta na mkato. Mimi ningaliandika tu kwamba tupo watu wanne, halafu nikatutaja, na mzee angaliacha viti vinne. Neno moja, wanne, lingalifanya kazi ya mkato na kuizidi.

Jambo hili linatuhusu kuliko wanafunzi wa zamani. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu mwaka 2014 Kiingereza ni miongoni mwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kutakuwa na mikataba, hati za mizigo, barua za hospitali na vyeti, vitakavyoandikwa na vijana kama sisi, ambao kichwani wana Kirundi, mkononi Kifaransa, sokoni Kiswahili, na sasa Kiingereza. Tutahamisha desturi za lugha moja hadi nyingine bila kujua, kama nilivyofanya. Anayesoma atakuwa mbali, hatatuona usoni, wala hataweza kutuuliza.

Kiranja yule alimwona mama yake wakati wa likizo. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe, ila aliniambia jambo moja nisilolisahau: kwamba siku ile alipoisoma barua yangu mwenyewe, langoni, ndipo alipoona kwamba hata yeye angalimfahamu mzee. Ndiyo maana sikuandika habari za jemadari. Steere alivuka bahari, akasikiliza watu miaka mingi, akapanga herufi kwa vidole vyake, ili mtoto asiyemjua, katika nchi asiyoifikia, asome neno na kulifahamu bila kuongozwa na mtu. Kama yeye alijitaabisha hivyo kwa ajili ya msomaji asiyemjua, nasi tunashindwa nini kuisoma barua yetu mara ya pili?